Lile jiwe la kilomita ya 5

Nianze na jiwe, maana kwangu zile mbio zote za baiskeli za milimani zilikuwa lile jiwe. Liko kilomita ya 5 ya mzunguko, bamba moja kubwa lenye mgongo, ukilitazama kutoka chini limeinama kama paa la nyumba, na pale linapoishia kuna shimo dogo lililojaa mizizi, afu baada ya shimo tu njia inakata kulia. Juu yake njia inagawanyika. Ukienda moja kwa moja ndiyo njia ya A, unashuka na jiwe. Ukikata kushoto ndiyo njia ya B, inapita kwenye miti, kona nne za kubana sana, inakuja kutokea palepale chini. Siku ya mazoezi nilikaa hapo na saa nikapima watu. Njia ya A sekunde 9. Njia ya B mimi mwenyewe nilitumia sekunde 52, na nilikuwa sijachoka bado.

Sekunde 43. Mizunguko minne. Hiyo hesabu ililala na mimi usiku mzima.

Sasa kwa nini nisishuke tu kama wengine. Miaka miwili iliyopita nilianguka kwenye jiwe dogo kuliko hili, dogo sana kwa kweli, nilikuwa nashuka vizuri tu mpaka katikati moyo ukashtuka na vidole vikabana breki ya mbele vyenyewe. Gurudumu la mbele likasimama, mi nikaendelea. Nikapaa juu ya usukani, nikatanguliza mkono kama kila mtu anavyofanya, na mfupa wa mtulinga ukavunjika. Wiki 6 mkono umefungwa kwenye kitambaa. Mfupa ulipona mapema tu, ila vile vidole havikupona, yaani mpaka leo nikiona mteremko wenye jiwe vinaanza kukaza kabla sijaamua chochote.

Na ukweli ni kwamba najua kabisa kinachotokea pale, nimesoma, nimeelezwa. Ukibana breki uzito unahamia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu ya kukusimamisha, na kwenye mteremko mkali tayari uzito umeshaenda mbele hata kabla hujagusa kitu. Ndiyo maana wanakwambia shusha siti, rudisha makalio nyuma kidogo, shusha visigino, breki kidole kimoja kimoja, na macho yatazame mbali unakokwenda, usitazame gurudumu. Najua yote hayo, lakini kujua kwenyewe hakukai kwenye vidole.

Dada mmoja ninayeendesha naye, yeye ana miaka mingi kwenye huu mchezo, alikuja akasimama na mimi pale juu siku ya mazoezi. Akaniambia, "Mdogo wangu, hili jiwe halitaki ushujaa, linataka mwendo. Ukienda polepole gurudumu litaingia kwenye lile shimo la chini na litakaa humo. Ukienda na mwendo kidogo litaruka." Akashuka. Akapanda tena kwa miguu, akashuka tena ili nione anaachia breki wapi. Anaachia mapema, kwenye ule mgongo wa jiwe kabisa, kabla ya kufika chini. Nikaona kwa macho yangu. Nikasema kesho. Afu nikazunguka na njia ya B kurudi kwenye hema.

Usiku nikawa nasoma habari za breki maana usingizi haukuja. Hii baiskeli ya milimani tunayoiona leo chimbuko lake mojawapo ni mteremko mmoja karibu na Fairfax, California, unaitwa Repack. Tarehe 21 Oktoba 1976 ndipo mbio za kwanza zilifanyika pale, vijana wamechukua baiskeli za zamani nzito zenye matairi manene, breki yenyewe ni ile ya kupedeli kinyumenyume iliyomo ndani ya gurudumu la nyuma. Wakishuka mara moja grisi yote ndani inaungua na kutoa moshi, ikabidi kila baada ya kushuka wafungue na kujaza grisi upya, ndiyo hilo jina lilikotoka. Rekodi ya pale ni ya Gary Fisher, dakika 4 na sekunde 22. Na miaka 20 tu baadaye, 1996, mchezo ukaingia Olimpiki kule Atlanta. Mi nilikuwa nimelala pembeni ya baiskeli yenye breki za diski za mafuta, mbele na nyuma, unazigusa kwa kidole kimoja na inasimama. Ilinipa amani fulani kusoma vile, nikalala.

Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha. Sio kubwa, ile ya kulowanisha juu tu, na hiyo ndiyo mbaya maana udongo chini bado mgumu ila mizizi na mawe yanakuwa kama yamepakwa sabuni. Hapa nikafanya kosa ambalo lilikuja kunigharimu. Kawaida naweka upepo psi 22 mbele na 24 nyuma, nina kilo 68, natumia tairi za tyublesi, zile zisizo na tyubu ndani, inchi 2.3, na hiyo imenifaa mwaka mzima. Nikaona watu wanatoa upepo kidogo ili tairi ishike vizuri kwenye utelezi, nikatoa na mimi. Mbele nikaacha 20, nyuma nikashuka mpaka 20 pia. Nyuma ndiko kwenye uzito mwingi. Mtu usibadilishe kitu asubuhi ya mbio, hilo nilishaambiwa na nimelisoma mara nyingi, na bado.

Mbio zenyewe zilikuwa mizunguko 4, kila mzunguko kilomita 7 na nusu, mlima mita 210 kila mzunguko. Daraja letu la ridhaa lilikuwa na kikomo cha muda, ukitaka kuruhusiwa kuanza mzunguko wa nne lazima uvuke mstari kabla ya saa 1 na dakika 50 tangu kuanza. Usipowahi unasimamishwa, unaandikwa mizunguko mitatu. Kwenye mbio za kimataifa ni kali zaidi, kule kuna sheria ya asilimia 80, ukishaachwa na kiongozi kwa zaidi ya asilimia 80 ya muda aliotumia mzunguko wake wa kwanza unatolewa njiani. Mi lengo langu halikuwa nafasi ya ngapi. Lilikuwa kumaliza mizunguko minne, basi.

Kuanza kulikuwa kwa kasi kuliko nilivyotegemea, hata kama nilikuwa nimetegemea kasi. Kila mtu anataka kuingia wa mbele kwenye ile njia ya mtu mmoja msituni kwa sababu ukishaingia kupita mwenzako ni kazi, kwa hiyo mita 600 za kwanza kwenye barabara ya vumbi watu wanakimbiza kama ndiyo mwisho wa mbio. Nikatazama saa mapigo ya moyo 178 na tuna dakika moja na nusu tu. Nikajiambia shuka, punguza, ila unapunguzaje na viwiko vya watu vinakugusa kushoto na kulia. Tukaingia msituni, na mita kama 200 ndani mtu mmoja mbele akateleza kwenye mzizi, akashusha mguu, na sisi wote nyuma yake tukasimama. Msururu mzima umeshuka unasukuma baiskeli, watu 30 hivi, hakuna anayepita. Nilishukuru kimoyomoyo, nikapumua, mapigo yakashuka mpaka 160.

Mzizi uliolowa una kanuni moja tu, uvuke umenyooka na usiguse breki ukiwa juu yake. Ukiuvuka kwa mshazari gurudumu linafuata mzizi badala ya kukufuata wewe. Ile kilomita ya 3 ilikuwa mizizi mitupu na nilivuka yote salama, hapo najivunia. Niliona watu wenye miguu yenye nguvu kuliko yangu wanalala chini pale, nikawa nawapita mmoja mmoja nawauliza "uko salama?" wananiambia "endelea, endelea".

Nikafika kwenye jiwe. Kuna msimamizi wa njia amesimama pembeni na filimbi, kuna watu kama kumi wamekuja kuangalia maana kila mbio watu hukusanyika penye hatari. Njia ya A imelowa, inang'aa. Vidole vikaanza. Nikakata kushoto.

Mzunguko wa kwanza dakika 34 na sekunde 40.

Mzunguko wa pili niliupenda. Msongamano umeisha, kila mtu amepata nafasi yake, mlima nikaupanda kwa giya nyepesi bila kusimama kwenye pedeli, nikala jeli moja ya kutia nguvu juu kabisa nikanywa maji. Jua likatoka kidogo. Unajua kuna wakati baiskeli inanyamaza, husikii cheni, husikii giya, unasikia tairi tu zinavyotafuna udongo na pumzi yako, na kona zinakuja kwa mpangilio unaoujua. Nilikuwa kwenye hali hiyo. Nikafika kwenye jiwe nikakata kushoto tena, sikujiuliza hata, nikatoka chini, nikapiga pedeli kuongeza mwendo, na kwenye changarawe za kilomita ya 6 nikasikia "tak!" Sauti kavu ya rimu kugonga jiwe. Afu fsssss.

Nikashuka. Silanti nyeupe, ule uji wa kuziba matundu unaokaa ndani ya tairi, inaruka kutoka tairi la nyuma kama maziwa, kila gurudumu likizunguka inachora mstari kwenye nguzo ya siti na kwenye mguu wangu. Nikalizungusha ili tundu likae chini, silanti ikusanyike pale izibe. Haikuziba. Tundu lilikuwa refu kama nusu ya ukucha wa kidole kidogo, jiwe na rimu vimelikata tairi katikati yao, na hiyo ndiyo bei ya zile psi 4 nilizotoa asubuhi.

Nina utepe wa kuziba, ule wa kahawia unaonata kama ubani uliotafunwa, unaupitisha kwenye sindano yenye jicho afu unausukuma ndani ya tundu na kuvuta sindano haraka, utepe unabaki humo mikia miwili iko nje. Mara ya kwanza ulitoka wote na sindano. Mikono ilikuwa inatetemeka, glavu zimelowa silanti, nikazivua. Mara ya pili nikaweka tepe mbili kwa pamoja, nikasukuma kwa kiganja mpaka kikauma, nikavuta. Zikabaki. Mapovu meupe madogo yakawa yanachemka pembeni ya mikia, pa, pa, pa, kila povu dogo kuliko lililopita. Nikafunga kichupa cha gesi kwenye valvu, gramu 16, nina kimoja tu. Nikafungua. Kikawa baridi ghafla mpaka kikaota barafu nyeupe na ngozi ya kidole ikanata kidogo, tairi likajaa kwa sekunde mbili tatu. Nikasubiri. Mapovu yakasimama.

Muda wote huo watu wananipita. Wale wote niliowapita kwenye mizizi. Kila mmoja anauliza "una kila kitu?" na mi naitikia "ninacho, asante". Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe hakuuliza, alinitupia kichupa cha gesi akiwa anapita, hakusimama, kikaangukia kwenye majani karibu na goti langu. "Kama hicho kitakataa," akasema, akapotea kwenye kona. Sikukihitaji. Nilikibeba mfukoni mpaka mwisho nikaenda kumrudishia.

Na nilimkumbuka Tom Pidcock, yule Mwingereza wa baiskeli za milimani, kwa kweli nilimkumbuka, nimepiga magoti pale kwenye changarawe. Olimpiki ya Paris 2024, ye ndiye bingwa aliyechukua dhahabu Tokyo, akapata pancha ya mbele katikati ya mbio, akapoteza zaidi ya nusu dakika kwenye kubadilishiwa gurudumu, akarudi akawafukuza mmoja mmoja na mzunguko wa mwisho akampita Victor Koretzky, Mfaransa, mbele ya Wafaransa wenzake. Yeye ana fundi anayemsubiri na gurudumu mkononi, mi nilikuwa na sindano na utepe. Ila kile nilichokuwa nimekiona siku ile kwenye skrini ni kwamba hakukimbia kama mtu aliyechanganyikiwa, alirudi kwenye mwendo wake na akaukalia. Nikajiambia na wewe rudi kwenye mwendo wako.

Nikavuka mstari saa yangu inasoma saa 1 na dakika 15 kamili. Mzunguko wa pili umenila dakika 40 na sekunde 20. Hesabu nikaifanya nikiwa napanda: kikomo saa 1 na dakika 50, nina dakika 35 kamili za mzunguko wa tatu. Wa kwanza, nikiwa mpya, miguu mipya, nilitumia 34 na 40. Sasa nimechoka, tairi lina kiraka, sijui lina upepo kiasi gani, na nikienda kushoto kwenye jiwe nitapoteza sekunde 43.

Nadhani hapo ndipo niliamua, pale mlimani, sio kwenye jiwe. Sikusema "nitashuka". Nilisema sina sekunde 43 za kutoa, na nikaacha kufikiria.

Mlima niliupanda vibaya kwa macho ya mtu wa nje, nasimama nakaa nasimama, ila niliupanda kwa nguvu kuliko mizunguko yote miwili. Mizizi nikavuka nimenyooka. Kilomita ya 4 kuna mteremko mrefu rahisi, hapo nikanywa maji chupa nzima kwa mikupuo mitatu, nikalegeza mabega, nikafungua vidole vyote kumi nikavirudisha kwenye usukani, vitatu vitatu vishike, kimoja kimoja breki. Nikashusha siti mapema kabisa, mita mia kabla, ili nikifika nisiwe na kazi nyingine yoyote.

Msimamizi wa filimbi aliniona nimekaa katikati ya njia. Akapiga filimbi mara moja fupi, kuwaambia watu waondoke kwenye mkondo wa A.

Kitu ninachokikumbuka ni jiwe lilivyokuwa limekauka. Lilikuwa limekauka! Jua la saa nzima limelikausha na katikati lilikuwa na mstari wa udongo, alama za tairi za watu wote waliopita, mstari mmoja wa rangi ya matope unashuka moja kwa moja. Nikautazama ule mstari pale unapoishia chini, nikalitazama shimo, afu nikalipita shimo kwa macho nikatazama kona ya kulia na mti wake. Gurudumu la mbele likazama juu ya ukingo. Hapo tumbo linapanda, hilo sijui kama linaisha hata kwa wazoefu. Vidole vikabana, nilivisikia vikibana, na nikavisikia pia vikiachia, pale kwenye mgongo, palepale dada alipokuwa ameachia. Foku, ule uma wa mbele unaobonyea, ikaingia mpaka mwisho kwenye shimo, ikatoka, mizizi ikanigonga miguuni, na kona ya kulia ikawa imeshafika na mi bado nimekaa juu ya baiskeli.

Watu kumi wale walishangilia kama nimeshinda mbio. Mmoja alikuwa anagonga sufuria.

Nikalia kidogo. Sikusimama, nililia huku napiga pedeli, kwenye changarawe za kilomita ya 6 nikapita kwa uangalifu kwenye ule upande wenye majani.

Nikavuka mstari saa 1, dakika 49 na sekunde 22. Msimamizi wa muda alikuwa ameshasimama na kibendera mkononi. Akatazama saa yake, akatazama namba yangu, akasogea pembeni. Mzunguko wa tatu ulikuwa dakika 34 na sekunde 22, na ukiongeza zile 43 za kushoto inakuwa 35 na sekunde 5. Ningekuwa nimefungiwa mlango kwa sekunde 5.

Ingekuwa hadithi nzuri ningeishia hapo, ila kuna mzunguko wa nne na nataka kuusema kama ulivyokuwa.

Nilikuwa peke yangu. Nyuma yangu hakuna mtu, waliobaki wamesimamishwa, mbele yangu sioni mtu. Msitu uleule uliokuwa umejaa kelele asubuhi sasa kimya, na kila nikipita kituo cha wasimamizi nasikia nyuma yangu utepe wa mbio unaanza kukunjwa. Wote walinisalimia vizuri, wengine wakanipigia makofi, mmoja akaniuliza kama nataka maji. Katikati ya mlima paja la kushoto nyuma likakaza, likakakamaa kabisa, ikabidi nishuke nisimame nimeinamia usukani mpaka likaachia. Nikapanda, kilomita moja mbele likakaza tena. Ile nguvu niliyoitoa mzunguko wa tatu sikuwa nayo ya pili.

Nikafika kwenye jiwe. Watazamaji wameondoka, amebaki msimamizi peke yake na filimbi yake shingoni. Nikakumbuka Mathieu van der Poel kule Tokyo 2021, mmoja wa waendeshaji bora kabisa duniani, mzunguko wa kwanza tu akafika kwenye ule mruko akiamini kuna ubao chini yake kama aliouzoea kwenye mazoezi, ubao haupo, akaanguka vibaya. Mtu kama yule, kitu kimoja hakiko kama alivyodhani. Na mi nilikuwa najua kitu ambacho hakiko sawa, kilikuwa kwenye paja langu. Kushuka pale unasimama juu ya pedeli uzito wote kwenye miguu miwili. Mguu mmoja ukikaza katikati ya jiwe sina pa kwenda.

Nikakata kushoto.

Msimamizi akaniambia "umefanya vizuri," akimaanisha nadhani mbio nzima, ila mi nililisikia kwa lile tu na lilinigusa. Nikamaliza kwa saa 2, dakika 26 na sekunde 52, wa mwisho kati ya waliomaliza mizunguko yote minne. Dada alikuwa mstarini na jaketi langu. Hakuuliza nafasi. Aliuliza, "Umelishuka?" Nikamwambia mara moja. Akanikumbatia na matope yote na silanti yote.

Nilidhani hiyo mara moja ingetosha, ila siku zilizofuata kitu kilichokuwa kinarudi kichwani sio ule mzunguko wa tatu, ni ule wa nne, ile kona ya kushoto. Sio aibu. Nilichagua sawa na leo ningechagua vilevile. Ila nilitaka kujua kama ile ya tatu niliishuka mimi au ilishuka saa.

Kwa hiyo wiki moja baadaye tulirudi, mi na dada. Nimeweka psi 22 na 24. Zile tepe mbili bado ziko kwenye tairi, mikia imesagika mpaka imelingana na mpira, haijavuja hata kidogo na sijaibadilisha. Utepe wa mbio umeondolewa, hakuna namba, hakuna filimbi, ndege tu. Pale juu udongo ulikuwa umekaukia na alama za tairi kama zilivyoachwa siku ile, nyingi zimenyooka, chache zimekata kushoto, na kati ya hizo chache tatu ni zangu.

Nikaliangalia jiwe kama dakika mbili. Dada amekaa chini ya mti pale kwenye kona ya kulia, anakunywa maji, hasemi kitu. Nikashusha siti.

Siku ile nililishuka mara 11. Mara ya 4 nilishusha mguu kwenye shimo, nilienda polepole mno, gurudumu likakaa humo kama nilivyokuwa nimeonywa. Mara ya 9 sikusikia vidole kabisa.